Mkono Uliobaki Kwenye Chanja ya Mwisho

Mama yangu wa Kibirizi,

Unakumbuka asubuhi ile niliyokuharibia dagaa? Uliniambia nipite chanja moja baada ya nyingine, nigeuze dagaa wakauke pande zote. Nikageuza vizuri hadi ya mwisho, mkono nikauacha hapohapo, akili ikaenda ziwani. Ukaniita, "Haya mwanangu, mwaga na hawa wabichi." Nikawamwaga pale mkono ulipokuwa, juu ya wakavu! Ulinifokea mpaka wachukuzi wakacheka. Kisha ukasema, "Ukimaliza kazi, toa mkono kwanza."

Tangu utuache ni miaka mitatu, nami nimerudia kosa lilelile, safari hii kwenye kompyuta. Nimeandika programu ya kuwatumia manahodha ujumbe upepo mkali unapokuja. Ina vitanzi viwili, yaani amri zinazojirudia kwa kila namba kwenye orodha. Cha kwanza kinasahihisha namba za simu. Hapo nilitumia rejeleo, linaloshika namba yenyewe, maana ukisahihisha nakala, orodha inabaki na makosa yake. Mpaka hapo nilikuwa sawa. Lakini kitanzi kilipoisha sikulifuta rejeleo, likabaki limeshika namba ya mwisho. Cha pili, cha kutuma, kilihitaji kusoma tu, nakala ingetosha. Mimi kwa uvivu nikakipa jina lilelile la rejeleo, na kila namba iliyosomwa ikaandikwa juu ya ile ya mwisho. Kitanzi kilipofika mwisho, pale palikuwa na namba ya nahodha wa pili kutoka mwisho, naye akapata ujumbe mara mbili. Wa mwisho hakupata kitu.

Wa mwisho ni mjomba Hamisi, Mama. Mdogo wako. Upepo ulimkuta karibu na Kagunga. Amerudi hai, amelowa chapachapa, mtumbwi umepasuka ubavu. Mbele yake nilijikaza. Nililia nilipofika nyumbani Bangwe.

Mwenzangu kazini akanishauri, "Mpandishe mjomba wako juu ya orodha, yaishe." Nilikasirika. Leo tangu asubuhi sijainuka kitini: nimefuta rejeleo pale kitanzi kinapoishia, nimekagua vitanzi vyote kimojakimoja. Jina la mjomba nimeliacha palepale mwisho, nikatuma ujumbe wa majaribio. Akapiga simu: "Umefika, mpwa wangu. Mmoja tu."

Ningempandisha yeye, Mama, mwisho angebaki mtoto wa mama mwingine.

Pumzika. Mimi bado nina kazi.

Binti yako mkaidi