Jina la Saba

Jumatatu, 4 Juni 1990

Daftari jipya. Juu ya jalada nimeandika Théophile. Miaka kumi na nane sijaliandika jina hili! Wanasema majina ya ubatizo yameruhusiwa tena, kravati ya shingoni pia, vyama pia. Wanasema. Daftari litakaa ndani ya droo ya biro, hapa ofisini; nje ya saa za kazi, ndani ya koti langu. Ufunguo ninao mwenyewe.

Chefu Kalenga, inspekta wetu wa polisi ya upelelezi, amekuja na kravati nyekundu. Alitutazama mmoja mmoja kuona nani atacheka. Hakuna aliyecheka. Lambert, karani mwenzangu, ameleta nakala ya Katiba, anaisoma kwa sauti: nyumba ya mtu haiingiliwi ila kwa sheria. "Théo, kumbe hii iliandikwa siku zote!" Nikajifanya natafuta karatasi ya kaboni. Mtu anayesoma Katiba mlango ukiwa wazi, ama ni mjinga, ama ametumwa.

Nyumbani: Viviane, mke wangu, hali ndagala, dagaa wetu wa ziwani. Siku ya tano leo. Anafunika pua. Nimezaa naye watoto wanne, kutoka Dorothée mpaka Edmond, najua maana yake. Lakini hajaniambia kitu. Kwa nini hajaniambia?

Jumatano, 6 Juni

Viviane amesafiri kwenda Niemba. Dada yake Emilie anaumwa — ndivyo alivyosema. Shule imempa ruhusa ya siku tatu, wenzake watamshikia darasa lake. Nilitaka kumsindikiza mpaka kwenye gari la moshi. "Hapana, Papa Dorothée, utachelewa kazi." Alisema haraka. Haraka mno.

Jumamosi, 9 Juni

Amerudi. Uso umekuwa kama majivu. Akaketi, akala ndagala sahani nzima, bila kufunika pua!

Nyuma ya nyumba kuna vitambaa vinne kwenye kamba, upande ambao hatuanikaga nguo.

Emilie anaendeleaje? nimeuliza. "Afadhali." Neno moja tu.

Jumapili, 10 Juni

Misa. Hakwenda kukomunika. Mimi nilikwenda, nikageuka njiani kumtazama. Alikuwa anaangalia mikono yake.

Edmond alipozaliwa, daktari alituambia mimba nyingine ingeweza kumuua mama. Niliitika. Halafu nikasahau. Hapana, sikusahau. Nilisema moyoni kwamba madaktari wanapenda kutisha watu.

Jumatatu, 11 Juni

Viviane yuko shuleni. Nimerudi nyumbani saa nne, nikapekua kikapu chake. Chini ya madaftari ya wanafunzi: kadi ya zahanati. Sahihi ya Bertille, yule mkunga wa karibu na mto Lukuga. Tarehe 7 Juni.

Tarehe 7! Siku hiyo alipaswa kuwa Niemba. Alikuwa hapa hapa Kalemie!

Nimerudisha kila kitu kama kilivyokuwa. Hata kalamu, ikitazama upande ule ule.

Jumanne, 12 Juni

Nimekwenda kwa Mama Bertille. Mama wa makamo, mnene, hana haraka. Alikuwa anakunja pamba. Nikamwambia mimi ni nani, na mke wangu ni nani.

— Papa, umemuuliza muke wako?

Nikasema sikuja kuulizwa, nimekuja kuchunguza.

— Basi sina jibu. Hapa wanakujaga wakivuja damu. Kuna ambao mimba imetoka yenyewe, kuna ambao wameitoa. Damu njo ile ile. Mimi naizuia. Siulizi.

Viviane ni wa upande gani? Akaendelea kukunja pamba. Nikatoa kadi yangu ya kazi. Aliisoma mbele, akaisoma nyuma, akanirudishia.

— Hii inasema wewe ni karani, unapiga mashini. Muniletee hati ya jaji.

Huyu mama anajua sheria. Nani amemfundisha? Na kama Viviane hakufanya kitu, kwa nini alisema Niemba?

Jumatano, 13 Juni

Nimefanya jambo. Chefu alipotoka, nilipiga kwa mashini konvokasio, karatasi ya mwito: Bertille aje biro Ijumaa, ajibu kuhusu utoaji wa mimba. Mhuri ulikuwa mezani. Nikaugonga mara moja, nikamtumia. Ni kumtisha tu! Akija, nitamchukua pembeni, ataniambia ukweli, nitachana karatasi, yaishe.

Kabla ya kuandika nilifungua kitabu cha sheria za adhabu. Anayemtolea mwanamke mimba: miaka mitano mpaka kumi na tano. Mwanamke mwenyewe: mitano mpaka kumi. Huo mstari wa pili nikaufunika kwa kidole.

Ijumaa, 15 Juni

Hakuja.

Lakini chefu ameiona nakala ya kaboni. Niliisahau kwenye faili! Miaka kumi na minne ya kazi, na nasahau kaboni! Akaniita, akafunga mlango. Nikasema ni tetesi za mtaani, sina jina la mtu. Nikangoja matusi.

Akatabasamu.

— Théophile, rejista ya mukunga unajua ni nini? Njo ufunguo wa nyumba za watu. Sasa kila mutu anataka kuunda chama, kila mutu anapiga kelele. Vizuri. Bwana akitusumbua, sisi tunabisha kwa muke wake.

Akanipiga bega. Akasema nimefanya kazi ya akili.

Nimekaa hapa, sigusi mashini. Lambert anauliza kama nina malaria.

Jumatatu, 18 Juni

Tumekwenda zahanati saa tatu asubuhi: chefu, askari wawili majandarme, na mimi kwa ajili ya kuandika. Mama Bertille akasimama mlangoni, mikono kwenye fremu.

— Hati ya jaji?

Chefu akasema iko njiani.

— Basi na mimi niko hapa nangoja.

Ndani kulikuwa na wajawazito sita kwenye mabenchi. Jandarme mmoja alimshika mkono, akamsogeza kama anavyosogezwa mbuzi. Hakupiga kelele. Wale wajawazito ndio waliopiga kelele. Mmoja, tumbo liko mbele, alivua kiatu na kumpiga jandarme mgongoni. Rejista ilikuwa ndani ya kabati, katikati ya mashuka. Wakaichukua.

Nilipopita karibu naye, Mama Bertille alisema polepole, chefu asisikie:

— Ulitaka jina moja, Papa. Angalia sasa.

Jumanne, 19 Juni

Chefu anasoma rejista kama mtu anayekula karanga. Ametoa majina kumi na moja ya mwezi wa tano na wa sita, yote "damu, mimba changa". Mke wa mfanyabiashara wa sokoni. Binti wa bwana mkubwa wa zone, wilaya yetu — miaka kumi na mitano, mtoto wa shule! Mke wa katekista. Alikuwa ananisomea, mimi napiga. La saba lilikuwa Viviane, mwalimu. Chefu hakuinua macho. Je, hajui ni mke wangu? Au anajua, na ananipima?

Nikaliruka. Nikapiga la nane.

Alipomaliza alihesabu mistari kwa kalamu. Kumi.

— Kumi na moja, Théophile. Rudia.

Nikarudia.

Halafu PV, maandishi ya upekuzi. Akaniamuru: andika kwamba tuliingia kwa hati ya jaji. Nikasema chefu, hati haikuwepo. "Itakuja." Nikaandika. Tumesaini wote wawili.

Alhamisi, 21 Juni

Nimemwambia Viviane aende Kongolo kwa mama yake, wiki mbili, na watoto. Alikuwa anasahihisha hesabu za wanafunzi. Akaweka kalamu chini.

— Kongolo kuna nini?

Nikasema anahitaji kupumzika, amekonda.

— Umeona nimekonda? Unanificha nini, Papa Dorothée?

Mimi! Mimi ndiye ninayeficha? Nusura nimtupie ile kadi usoni. Nusura nimwambie kila kitu. Swali lilikuwa hapa, kwenye ncha ya ulimi: ulifanya, au ilitoka? Maneno matatu. Edmond akaingia na goti linalotoka damu, Viviane akainuka kumuosha. Nikashukuru. Kwa nini nilishukuru?

Ijumaa, 22 Juni

Jandarme ameleta nyumbani konvokasio ya Viviane, saa kumi jioni. Nilikuwapo. Viviane aliisoma akiwa amesimama uani, majirani wakitazama. Hakulia. Akaikunja, akaiweka ndani ya kitabu cha misa.

— Jumatatu saa tatu, akasema. Wewe unatumika pale, kwenye biro yao. Nani amenishitaki?

Nikamjibu nitachunguza.

Jumatatu, 25 Juni

Naandika hapa biro. Saa saba na robo mchana. Chefu ameenda kula, tutaendelea saa nane.

Viviane aliingia saa tatu kamili, amevaa gauni la kufundishia. Wengine walioitwa leo hawakuja — wake za wakubwa wamepata njia zao, naona. Mama Bertille yuko, wamemleta majandarme.

Chefu alianza: jina, kazi, ndoa.

— Nimeolewa na huyu anayeandika, Viviane akasema.

Chefu akacheka. Kumbe alijua tangu siku ile!

— Andika, Théophile.

Nikaandika.

— Tarehe saba ya mwezi huu ulikuwa na mimba?

— Kwanza nione nani amenishitaki.

Siku nyingine angemfokea. Leo alikuwa na raha. Akachomoa kaboni ya ile konvokasio ya kwanza, ya Mama Bertille, akamwekea mbele. Chini kushoto, kama kawaida ya biro yetu, herufi za aliyepiga mashini. Zangu. Tarehe 13, siku tano kabla hawajachukua rejista.

Viviane aliisoma kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji karatasi yenyewe. Halafu akanigeukia mimi, si chefu.

— Kitanda kimoja, sahani moja, na ukaona rahisi kuniuliza kwa mashini.

— Jibu swali! chefu akasema.

— Nitajibu kwa jaji. Hapa nina haki ya kunyamaza.

— Nani amekwambia una haki?

— Bwana yangu analetaga karatasi za biro zilizoharibika, tunafungia ndagala. Ninazisomaga.

Chefu hakucheka tena. Alichukua kofia yake akatoka.

Karatasi bado iko kwenye mashini. Swali: ulikuwa na mimba? Jibu: hakuna kitu.

Lambert amekuja sasa hivi. Hakuketi. Akasema: hati ya jaji haikuwepo, Théo, na wewe ulikuwepo pale. Andika hivyo, saini, mimi naipeleka kwa jaji kabla ya saa nane. Faili lote linaanguka, majina yote kumi na moja. Akaweka karatasi nyeupe mbele yangu, akatoka bila kufunga mlango.

Ni kweli? Au chefu ndiye aliyemtuma, kuona mkono wangu utakwenda wapi? Mbona chefu ametoka mapema leo? Mbona aliacha faili mezani? Na jaji, akiuliza nani alianza, nitasema nini?

Saa saba na nusu. Karatasi bado nyeupe. Naandika huku, siandiki kule.

Viviane na Mama Bertille wameketi kwenye benchi nje, chini ya dirisha langu. Wanagawana muhogo wa kuchemsha. Vichwa viko karibu. Mama Bertille anamshika goti. Wanasema nini? Viviane amelia, au anacheka? Mara mbili nimesikia jina langu, au neno linalofanana na jina langu.

Ningeweza kutoka, hatua kumi tu, nikaketi kwenye benchi lile.

Dirisha hili linapiga kelele likifunguliwa. Nalisukuma polepole, kwa kidole kimoja, wasigeuke, nipate kusikia —