Njuga ya Mbwa wa Venansi

Mwakiro, Muyinga, Jumanne

Dada Theodosia,

Huku Muyinga nimepokelewa vizuri, rafiki yangu Imelda ananidekeza kwa mahindi ya kuchoma. Jana asubuhi mume wake, Venansi, alienda kuwinda. Mbwa wao huvaa njuga shingoni, nayo huzibwa kwa majani isilie kabla windo halijaanza.

Leo mchana mbwa karudi peke yake. Njuga imezibwa, ila kwa kipande cha shati la Venansi. Nikasema labda alikosa majani.

“Porini, Lucia?” Imelda akaninong'oneza. “Ni ujumbe wake, tusitoe sauti. Amejificha. Kuna mtu anamwinda yeye.”

Tangu hapo tunaongea kwa ishara. Dada, uliahidi kutoka Mutaho uje kunichukua. Njoo, lakini ukifika usipige hodi.

Mdogo wako,
Lucia