Siku Uliponikataza Kutoka, Tata

Tata,

Ndugu zangu wamenisihi nisiandike haya. Wanasema baba aliyefariki asitiriwe. Nimewasikia, na naandika.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini ulikuwa umeacha upelelezi mjini Kisii, unafuga ng'ombe wa maziwa Nyansiongo. Kesi moja ilikufuata huko. Mchongaji mmoja wa kijiji cha Tabaka alikuwa ameuawa, na mahakama ilikuita ueleze jinsi ulivyokuta shati lenye damu kwa mfanyabiashara aliyenunua vinyago vyake. Bila ushahidi wako, angenyongwa mdogo wa mchongaji huyo, aliyekuwa rumande bila kosa.

Makori, konstebo wako wa zamani, alikuja ametumwa na mfanyabiashara huyo. Nilikuwa nawamiminia chai.

"Afande, hilo shati hulikumbuki vizuri. Umezeeka."

"Nalikumbuka kuliko jina lako."

Akacheka. "Basi nimweleze binti yako ulikokuwa unalala ukiwa Kisii?"

Alijua anachofanya. Kwetu baba na binti hawasikii pamoja habari za kitandani. Zikianza, mmoja hutoka. Nikaweka birika chini, nikaelekea mlangoni.

"Kaa," ukaniambia. "Makori, sema. Usiruke kitu."

Makori alifungua mdomo, akaniangalia, akaufunga. Aibu ilimshinda yeye. Ukamalizia mwenyewe, ukitazama ukuta: mke wa mwalimu fulani, nyumba ya nyuma ya soko, na kwamba mama hakujua.

"Sasa anajua binti yangu. Jioni atajua mama yake. Utamwambia nani tena, kijana?"

Aliondoka bila kumaliza chai.

Mahakamani wakili wa mfanyabiashara alikuuliza jambo lilelile, mama na wazee wa kanisa wakiwa wameketi nyuma. "Ndiyo, nilikosa," ulisema. "Na shati lilikuwa la yule pale." Kijana wa Tabaka akaachiliwa. Kanisa likafuta jina lako. Mama akaenda kwao Nyamache, akarudi baada ya mavuno, na kwa muda mrefu alikuwekea chakula na kwenda kula jikoni peke yake. Ulikila.

Tangu niwe mwandishi wa habari, wamenijia watu wengi wa aina ya Makori. Wananong'ona aibu yako ili niache kuchapisha majina yao. Huwa nawaambia waongeze sauti, chumba kizima kisikie. Leo nimewaondolea kazi hiyo. Nimesema yote mwenyewe, hapa gazetini, na majina yao yatachapishwa kesho.

Pumzika.

Binti yako wa kwanza