Pete za Mara ya Pili

Jumamosi, Pasiansi

Bado nasikia aibu, ila moyo umetulia. Leo nimepiga picha ndoa nzima kanisani na filamu haikuzunguka hata kidogo ndani ya kamera. Namba ya picha kwenye kamera ilipopita thelathini na sita, mwisho wa filamu, ndipo nikashtuka: asubuhi sikuinasisha vizuri. Viapo, pete, vyote vimepotea. Ee Mungu wangu.

Nilisali kimoyomoyo, kisha nikawaeleza maharusi ukweli hapo hapo nje ya kanisa. Bwana harusi alinigeuzia mgongo. Bibi harusi ndiye aliyecheka: "Basi mzee wangu, tutavishana pete tena ziwani. Ila na wewe uwe macho!"

Tumefika kwenye mawe pale ufukweni, na bibi yake bibi harusi ndiyo kwanza anafika kutoka Magu. Basi lao liliharibika njiani, ibada yote ikampita. Alikuwa analia.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Mmeshamaliza?"

Nikainamisha kichwa. Yule bwana harusi aliyenigeuzia mgongo akamshika Bibi mkono. "Bado, Bibi. Tulikuwa tunakusubiri wewe."

Mungu asimhesabie uongo ule. Bibi alifuta machozi, akasimama katikati yao. Nikainasisha filamu upya kwenye kamera, nikaivuta, nikaiangalia vizuri. Safari hii ilizunguka.