Mgeni wa Nane

Husby, 8 Desemba 2024

Mwanangu Kidega,

Natumai barua pepe hii inakukuta mzima, na kile kikohozi ulichoniambia kwenye simu kimekwisha. Mimi nipo. Goti la kushoto linanikumbusha kila asubuhi kwamba nimewainua wazee wa watu vitandani kwa miaka mingi, lakini mengine yote salama. Theluji imeanguka tangu juzi na lifti imeharibika tena. Vénantie, yule Mrundi wa ghorofa ya chini, anakusalimu sana.

Nilimwonyesha zile picha zako za Mlima Fuji. Akauliza kama mlima umemwagiwa chumvi. Nikamwambia mwanangu ndiye anayewazungusha Waswidi kuuzunguka mlima huo wakati wa baridi, kikundi kidogo kidogo, anawafundisha kuvua viatu, kuinama na kunawa mikono kabla ya kuingia mahali patakatifu. Nilijisikia nikiringa, Mungu anisamehe.

Nataka kukuambia jambo, usicheke. Tangu baba yako Lameck afariki sijapanda ndege. Ningependa kuona unapofanya kazi. Hata siku moja tu, nikae nyuma nikusikilize unavyowaeleza watu.

Kula vizuri. Na ukijibu, jibu kwa Kiswahili, usiniletee Kiswidi cha ofisini. Mimi Mwacholi, baba yako mtu wa Mwanza, lugha hii ndiyo iliyotukutanisha, na hatukuwa na kingine cha kukuachia.

Mama yako

* * *

Kawaguchiko, 4 Januari 2025

Mama mpenzi,

Shikamoo. Heri ya mwaka mpya. Kikohozi kimekwisha, niko salama, ila baridi ya hapa ziwani ni ya kung'ata masikio. Pole kwa goti. Usipande ngazi na mifuko mizito, mwombe mtu.

Sikucheka, Mama. Tena nina habari njema. Kikundi changu cha Februari ni cha watu wanane, na mmoja amejitoa. Nafasi yake imelipiwa tayari na kampuni imeniruhusu nimpe nimtakaye. Nimeandika jina lako. Utaruka kutoka uwanja wa Arlanda pamoja na wenzako, wote Waswidi, wengi wastaafu kama wewe. Utalala chumba kimoja na mama mmoja anaitwa Christina, mwalimu mstaafu wa Sundbyberg. Ni mtu mpole.

Kuna kitu kimoja tu. Kampuni haipendi kiongozi awe na ndugu kwenye kikundi, wageni wengine huona kuna upendeleo. Kwa hiyo mbele yao niite Nicholas, na usiseme kwamba mimi ni mwanao. Ni sharti la kazi, wala usilifikirie sana. Tukiwa peke yetu tutaongea mpaka tuchoke.

Njoo na soksi nzito. Huku viatu vinavuliwa kila mahali.

Mwanao,
Nicholas

* * *

Husby, 5 Januari 2025

Kidega wangu,

Nimesoma barua yako nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Niko mzima kuliko jana! Goti limesahau kuuma.

Hilo la jina halina shida. Kazi ni kazi. Nilipokuwa nahudumia wazee nilivumilia masharti mabaya zaidi ya hilo. Nitakuita Nicholas, nitakuita hata Bwana Nicholas ukitaka. Mimi nitajua moyoni na inatosha.

Nimenunua soksi. Vénantie ananishonea kofia.

Mama yako

* * *

Kawaguchiko, 24 Februari 2025

Mama,

Shikamoo. Natumai ulifika salama na hujapata mafua ya safarini. Mimi sijambo, ingawa si kweli.

Nimengoja mpaka hasira ipungue, haijapungua. Nataka unieleze ulichokifanya siku ile kwenye hekalu. Tulikuwa tumetoka kwenye msitu wa mierezi, wageni wamechangamka, mlima umejitokeza wote bila wingu. Mtawa akatukaribisha tukae kwenye mikeka. Nikawaeleza kwamba hapa watu huwaombea wafu wao. Na wewe, ambaye safari nzima ulikuwa kimya, ukanyanyua mkono kama mwanafunzi na kusema kwa Kiswidi safi, wote wakisikia: "Nicholas, mwambie mtawa mimi nimefiwa na mtoto. Nilikuwa naye mmoja tu. Naomba amwombee."

Christina akakushika bega. Yule mzee wa Uppsala akavua kofia. Nikakutazama, ukanitazama machoni bila kupepesa. Ningefanya nini? Nikatafsiri. Mtawa akauliza jina la marehemu. Ukasema, "Kidega."

Nililitamka mwenyewe, Mama. Jina ambalo hakuna mtu duniani ananiita ila wewe. Nikamsaidia kulitamka vizuri, akaliandika kwa brashi kwenye ubao. Kisha akagonga kengele akaanza kusoma, na wageni wangu wote wakapita mmoja mmoja kunichomea ubani mimi, niliye hai, nikiwa nimesimama pale nawaonyesha jinsi ya kuutia kwenye majivu. Ilipofika zamu yako uliinama muda mrefu. Ulikuwa unalia kweli. Hilo ndilo lililonitisha kuliko yote.

Siku zilizobaki hukuongea nami ila "asante" na "samahani". Kwenye uwanja wa ndege ulinipa mkono kama unavyompa dereva.

Mtu gani anamfanyia mwanawe hivyo?

Nicholas

* * *

Husby, 2 Machi 2025

Nicholas,

Nilifika salama, asante. Mafua sina. Unauliza mtu gani. Nitakujibu.

Jioni ya kwanza, kwenye nyumba ya wageni ya ziwani, tulivaa yale magauni ya pamba mliyotupa, tukakaa chini kuzunguka meza fupi. Miguu iliniuma lakini nilifurahi. Waliniletea sufuria ya tambi nene zilizopikwa na boga, nikasema moyoni, hata Waacholi wangekula hiki. Wewe ulikuwa umekaa kichwani mwa meza. Nilikuwa nakutazama tu. Ulikuwa mzuri, mwanangu. Jinsi ulivyokuwa unajua jina la kila mtu na kila kitu.

Ndipo Christina akakuuliza: "Nicholas, wewe mtoto wa Stockholm, Japani ulijifunzia wapi kuipenda?"

Ukaweka vijiti chini. Ukasema ulirithi kwa mama yako. Ukasema alikuwa daktari wa watoto Kampala, kwamba alikuwa na kitabu cha picha za Mlima Fuji na alikuwa akikufungulia ukurasa mmoja kila Jumapili. Ukasema alifariki wewe ukiwa na umri wa miaka kumi na miwili. Ukasema kila unapouzunguka mlima huu unatembea naye. Sauti yako ilitetemeka mahali palepale panapostahili. Ukasema bila kunitupia jicho hata mara moja, na mimi nimekaa karibu kiasi cha kukupakulia boga.

Christina alifuta machozi. Nami nikafuta, akaniona, akanishika mkono akasema mimi nina moyo mwema. Kisha akauliza kwa nia njema kabisa kama mimi na wewe ni ndugu, maana tunafanana paji la uso. Unakumbuka ulivyojibu? Ulicheka. "Waafrika si wote ndugu, Christina." Meza nzima ikacheka nawe.

Kumbe sharti halikuwa la kampuni. Huwezi kuwa na mama kwenye kikundi kwa sababu ulikwisha kumzika.

Mimi nilikuzaa hospitali ya Danderyd baridi ikiwa kali, nikarudi kazini kabla ya maziwa kukauka. Miaka hiyo kumi na miwili unayoisema, nilikuwa naosha vizee vya Kista ili wewe upate masomo yako ya Kijapani. Sasa nimekuwa maiti iliyosoma udaktari.

Uliniua mbele ya watu, ukala tambi zako ukamaliza. Mimi nami nina mdomo.

Mama yako

* * *

Kawaguchiko, 30 Machi 2025

Mama,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Huku theluji ya chini imeyeyuka, ya juu bado. Mimi nalala vibaya.

Barua yako nimekaa nayo. Unasema kweli, na sitaki kujitetea, ila nataka uelewe ilivyoanza. Nilipoomba kazi waliniuliza swali lile la Christina. Mapenzi yangu ya Japani yalitoka kwenye katuni za televisheni, niko peke yangu sebuleni, wewe uko zamu. Nani atalipa safari ya kuongozwa na mtu wa katuni? Nikasema jambo lililokuja mdomoni. Wakalipenda. Nikalirudia kwa kikundi cha kwanza, watu wakalia, wakaandika kwenye maoni yao kwamba mimi ndiye roho ya safari. Tangu hapo kila kikundi kinaningojea niseme. Mama yule aliyekufa anawagusa watu. Mama anayeosha wazee Husby, samahani, hawagusi. Hiyo si dharau yangu, ndivyo walivyo.

Ulipoomba kuja sikuweza kukukatalia. Nilidhani nitairuka hadithi ile safari hiyo. Christina alipouliza, ikatoka yenyewe.

Nimepata likizo ya Pasaka. Nitakuja nyumbani tuyamalize. Christina ameandika ofisini kwamba mnatembeleana, kwamba safari imempa rafiki. Nakuomba, hilo la kifo changu limalize kabla sijafika. Mwambie chochote unachotaka.

Mwanao,
Nicholas

* * *

Märsta, 22 Aprili 2025

Mama,

Shikamoo. Nakuandikia hotelini, karibu na uwanja wa ndege. Natumai umeamka salama.

Barua yangu hukuijibu, nikadhani kunyamaza ni kukubali. Jana nikapanda treni, nikabadilisha, nikashuka Husby na begi langu na maua. Nikapiga kengele. Aliyefungua ni Christina. "Nicholas!" Akanikumbatia. "Umekuja kumsalimu Achola! Wewe ni mtu wa ajabu." Akanivuta ndani ya nyumba niliyokulia, akanionyesha pa kutundika koti.

Nawe ukatokea sebuleni. Nilingoja uso wako ubadilike. Ukanipa mkono. "Karibu, Nicholas. Asante kwa maua." Ukanikalisha kwenye kiti cha wageni.

Juu ya kabati kulikuwa na picha yangu ya siku ya kwanza shuleni, ile ya pengo, na mbele yake mshumaa unawaka. Christina akaninong'oneza, "Ndiye huyo." Nikatikisa kichwa kana kwamba nasikitika. Mnamkumbuka pamoja, akasema. Yeye huja na keki.

Kisha ukaleta chai na kikombe cha wageni, ukasimama mbele yangu na bakuli, ukaniuliza: "Unatumia sukari?"

Mama. Wewe ndiye uliyenitilia vijiko vitatu maisha yangu yote. Uliniuliza kwa adabu, kichwa umekiinamisha kidogo, kama nilivyowafundisha wageni wangu. Sijawahi kupigwa kofi zito kama lile. Nilikunywa, nikaaga, nikaondoka. Hukunisindikiza hata kwenye lifti.

Nilikosea, nimekiri. Lakini mimi nilisema uongo kwa watu nisiowajua, ili nipate riziki. Wewe ulinitazama usoni ndani ya nyumba yetu ukanifanya mfu, na hukuwa na faida yoyote. Nani mkatili kati yetu? Ndege yangu ni Alhamisi asubuhi. Ukiniambia nije, nitakuja leo hii.

Mwanao,
Nicholas

* * *

Husby, 23 Aprili 2025

Nicholas,

Afya yangu ni njema, asante kwa kuuliza. Goti ni lilelile.

Yote uliyoandika yalikuwa hivyo. Picha niliiweka, mshumaa niliuwasha, sukari nilikuuliza. Barua yako ya Machi niliipata pia. Uliniomba nimwambie Christina chochote ninachotaka. Nilitaka umwambie wewe.

Lakini kuna kitu umekiruka. Baada ya kukuwekea kikombe nilikwenda jikoni, nikasema naongeza maji ya moto. Birika lilikuwa limejaa. Nilisimama nyuma ya mlango nimelishika, nikazima redio ili nisikie. Nikamsikia Christina akikuuliza kwa sauti ya chini, "Ulipata kumfahamu mwanawe, alipokuwa hai?"

Ulikuwa peke yako naye. Hakukuwa na kikundi, hakukuwa na kampuni, alikuwa bibi mmoja tu na kipande chake cha keki. Kama ungesema neno moja ningetoka mbio na goti langu hili, nikakukumbatia mbele yake, na uongo wa hekaluni ningeubeba wote mimi, niitwe kizee kichaa.

Ukasema, "Hapana, sikubahatika. Lakini nasikia alikuwa mtoto mzuri."

Nikarudi na birika, nikakuongezea chai.

Safiri salama.

Mama Kidega