Gari la Baba Halirudi Kibwezi

Kabati, nyuma ya soko,
Kitui.
10 Agosti 2025

Mpendwa kaka Nthiwa,

Pokea salamu zetu zote. Hujambo huko Doha? Joto limepungua? Na mgongo uliokusumbua mwezi wa nne, umepoa? Sisi ni wazima, tunamshukuru Mungu. Shemeji yako Mulwa anakohoa kidogo kwa sababu ya vumbi, lakini chakula anakimaliza. Binti yetu Kanyiva yuko likizo, amerefuka kuliko mimi. Mvua ilituhepa, mahindi yakakauka yakiwa ya magotini, ila ndengu na mbaazi tumepata.

Nimekuandikia kwa karatasi kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Nikifungua mdomo tu, unasema mtandao ni mbaya. Barua hii anakuletea Yvonne, jirani yetu anayekuja huko kazini. Karatasi haina mtandao, kwa hivyo kaa chini, jimiminie chai, usome mpaka mwisho.

Baba mdogo Kiilu amenifikishia maneno yako. Kwamba lile gari la Baba la kulala ndani, lenye kitanda na jiko, lirudi Kibwezi lingojee nyumba yako mpya, maana mimi nimeolewa na mali ya Baba haivuki mto Athi. Kaka, limekwisha kuvuka. Na halirudi.

Acha nikukumbushe. Siku ya kugawana mali ya marehemu Baba mlikaa kivulini na wazee, mashamba yakaishia kwako na kwa ndugu yetu Musyimi. Mimi nilikuwa jikoni napika mbuzi wenu. Nilipotoka kuuliza langu ni lipi, Musyimi akatazama chini. Wewe ukaonyesha kidole lile gari nyuma ya zizi. Injini ilikuwa imekufa, nyuki wameingia darini tangu Baba alazwe hospitalini, na wanunuzi wa vyuma vikuukuu walikuwa wamekuja wakakimbia. Ukasema, "Chukua hiyo. Kama nyuki watakukubali." Mkacheka wote, kisha mkala. Kwetu neno likisemwa mbele ya wazee na mbuzi akaliwa, limekwisha. Nawe ulikula mguu mzima, nilikupakulia mwenyewe.

Mlisahau jambo moja. Nyinyi mlipokuwa shule za bweni, nani alikuwa akienda na Baba porini kurina asali? Watu walisema msichana akirina, nyuki watahama. Hawakuhama. Tulilala ndani ya gari hilo, yeye kitandani, mimi chini kwenye godoro dogo, na kabla ya kulala alinipa sega nitafune. Yule Mzungu aliyemwachia Baba hilo gari alipohama nchi hakujua ni raha gani alituachia.

Basi nikamtafuta Muktar, mfanyabiashara wa mbuzi hapa Kabati, mwenye lori. Alikuwa amenunua mbuzi huko Kibwezi, akakubali kunivuta akirudi. Niliwafukizia nyuki moshi kidogo, nikaziba madirisha kwa magunia mabichi. Baba alizoea kusema nyuki hafukuzwi, huhamishwa na nyumba yake. Baba mdogo Kiilu akasimama langoni, mikono kiunoni.

"Nzilani, hiyo gari ni ya wanaume wa hii boma."

Nikamwambia, "Sawa, basi akuje mwanaume mmoja afungue mlango." Hakuja mtu.

Muktar akafunga mnyororo, mimi nikashika usukani. Breki ilikuwa ya mkono tu, nayo kwa neema ya Mungu. Daraja la Athi nililivuka nikiimba nyimbo za kanisani kwa sauti. Tulipokaribia Mutomo, tukipanda kilima, mnyororo ukakatika na gari likaanza kurudi nyuma. Nikavuta breki kwa mikono miwili, nikaliegemeza kwenye ukingo wa barabara. Kishindo kile kikafungua dari, nyuki wakatoka. Muktar aliruka kutoka lorini akatokomea vichakani.

"Mama Kanyiva! Wallahi hii si gari, ni mzinga!"

Mimi nilijifunika leso nikatulia tuli, kama Baba alivyonifundisha. Waliniuma, sitakudanganya. Uso ulivimba kama andazi. Muktar akanifikisha hospitalini Mutomo, nikadungwa sindano, na niliporudi nyuki walikuwa wametulia darini. Tukafunga mnyororo tena. Muktar akanivuta polepole mpaka Kabati.

Fundi Kilonzo alikataa kuligusa kabla nyuki hawajatoka. Nikawahamishia kwenye mzinga wa gogo wa Baba, nikautundika juu ya mti wa mukau hapa uani. Ndipo nikaiona kofia yake nyuma ya kiti, bado kwenye ndoano, sega limejengwa ndani. Nililia, Kaka. Hata mazikoni sikulia vile.

Kulitengeneza kulituchosha. Kabureta tuliitoa kwenye gari jingine lililokufa mjini Kitui. Klachi ilibadilishwa, ikagoma, ikabadilishwa tena. Mbao za dari inayoinuka zilikuwa zimeoza, Mulwa akachonga nyingine za mukau, na mchwa wajaribu sasa. Watu walipita wakiniuliza kama nafuga chuma. Siku lilipowaka lilitoa moshi mweusi, kuku wa jirani wakatawanyika, nami nikalizungusha sokoni mara mbili bila sababu yoyote ila kuonekana.

Sasa nauza asali nalo. Siku ya soko Zombe niko Zombe, siku ya Mutomo niko Mutomo, na nikichelewa nalala humo humo. Wapo kanisani wanaosema mama mzima kulala sokoni ni aibu. Hao hao ndio huomba lifti nikienda Zombe.

Kaka, sikuchukii. Mashamba sikuyadai, ingawa ningeweza, na unajua ningeweza. Lakini hili silitoi. Usimtume Baba mdogo, usimtume chifu. Ukija Desemba nitakuchukua mwenyewe stesheni ya Kibwezi. Utalala kitanda cha Baba, nitakukaangia mayai kwenye jiko lake, lakini usukani nitashika mimi. Na ukiona bado unalitaka, gari hulala chini ya ule mti wa mukau, na mzinga uko juu yake. Mlango siufungi kwa kufuli. Njoo ulichukue mwenyewe, kama nyuki watakukubali.

Mulwa na Kanyiva wanakusalimu sana. Musyimi pia, alikuja Jumapili, akala asali. Msalimie wifi yangu Kavindu ukimpigia. Mungu akulinde kazini na akurudishe nyumbani mzima.

Dada yako akupendaye, na asiyerudisha gari,

Nzilani