Asumini ya Mama

Likoni

Mjukuu wangu Zuhura,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Babako hajambo, goti tu linamsumbua. Umeniuliza kama ung'oe maua yaliyoungua kwa baridi ya huko. Baridi hiyo mimi siijui, lakini kung'oa nakujua.

Mama yangu alifariki hapa Likoni mwaka mmoja kabla ya uhuru, wakati wa kaskazi, jua kali na kisima kinakaribia kukauka. Katika ugonjwa wake hakuna aliyekumbuka kuutia maji mti wake wa asumini, aliokuwa akiuchuma maua ya kutungia vikuba, vile vishada vya kunukia vya maharusi. Ukabaki vijiti vikavu. Siku moja kabla ya hitima ya arobaini nilikuwa nikifagia ua, nikaona haya wageni wakute mti uliokufa mlangoni. Nikaung'oa kwa jembe.

Baba alitoka, akainama, akakwaruza shina kwa ukucha. Chini ya gome palikuwa pabichi, kijani kabisa.

"Ulikuwa hai," akasema.

Aliurudisha shimoni mwenyewe, akautia maji kila asubuhi hadi masika. Haukushika. Siku alipoacha kuutia maji nilimsikia akilia, na msibani hakulia.

Basi mwanangu, kwaruza kwanza. Ukiona ukijani, using'oe, na nyasi za huko zilizoungua baridi nazo usizikanyage. Ngoja joto lirudi, tia maji kidogo kidogo. Ukikuta pakavu, kwaruza chini zaidi, karibu na mzizi.

Mimi sikukwaruza.

Bibi yako,
Mwanakombo